Christophe Musafiri na Mabehewa Ishirini na Moja

Padiri wetu, wazazi, majirani, nanyi mliotoka Kabambare kwa pikipiki na matope bado yako magotini: asanteni kwa kufika. Anayesoma ni Dieudonnée, binti wa marehemu. Baba mdogo Hippolyte ndiye aliyepaswa kusoma, kwa kuwa ana sauti ya kujaza uwanja, lakini tangu juzi sauti hiyo haitoki, na sababu yake mtaisikia. Haya ni maisha ya mtu aliyehesabu vitu kwa uaminifu kuliko yeyote niliyemjua, isipokuwa mara moja.

Niseme mapema jambo lililotusumbua kwa miaka thelathini, maana wengi wenu mnalijua nusu nusu. Ni jina la kaka yangu mkubwa, Hervé. Katika karatasi ya mazishi hutajwa walioachwa na marehemu, kisha wale waliomtangulia. Mama yetu hakukubali kamwe Hervé awekwe kati ya waliotangulia. Baba mdogo Hippolyte hakukubali awekwe kati ya walioachwa. Kila alipokufa mtu wa ukoo, tuligombana upya mbele ya fundi wa kuchapa, na mara mbili tuliishia kumwacha kabisa, kana kwamba hakuzaliwa. Jana asubuhi Mama alitoa neno lake la mwisho, nami nitalisoma mahali pake.

Christophe Musafiri alizaliwa Nyangwe tarehe 14 Februari 1951, mtoto wa tatu katika nyumba ya watu waliovua samaki na kulima mpunga. Bibi yetu alisimulia kwamba, kabla hajajua kusoma, alikuwa akishuka mtoni asubuhi kuhesabu mitumbwi inayotoka, na jioni akirudi kuhesabu inayoingia. Kama mmoja haujafika, hakula. Walimchapa, walimbembeleza, walimdanganya kwamba umefikia ng'ambo, hakula. Bibi alisema hakuwahi kuona mtoto mwenye kichwa kigumu hivyo, na nadhani alikuwa akijisifu.

Alisoma shule ya msingi ya wamisionari hapa Kasongo kuanzia mwaka 1958. Vurugu za 1964 zilimkatisha masomo akiwa na miaka kumi na mitatu, akarudi Nyangwe kujificha pamoja na wengine. Baada ya hapo alisoma miaka miwili tu ya sekondari. Katika hesabu alikuwa wa kwanza. Katika dini alikuwa wa mwisho, na naomba padiri anisamehe kulisema hapa.

Mwaka 1971 aliajiriwa kwenye reli, upande wa pili wa mto, katika stesheni ya Samba. Kazi yake iliitwa pwentere. Alipanda treni ya mizigo pamoja na dereva, na kila treni iliposimama alishuka, akatembea kutoka kichwani hadi mkiani, akigusa kila behewa kwa kiganja na kulihesabu. Kisha aliandika idadi katika kitabu na kutia sahihi. Kugusa ndiyo ilikuwa sheria yake. Alisema jicho linaona kile linachokitaka, lakini mkono haukubali kugusa kitu kisichokuwepo. Kwa miaka ishirini na minne hakuna aliyempata na kosa.

Tarehe 20 Julai 1974, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa huko Kabambare na Victoire, mama yetu, ambaye ameketi pale mbele. Siku ya kwanza alipokwenda kujitambulisha, wakwe walimkuta nje akihesabu miti ya paa la nyumba yao. Mama aliwaambia dada zake, "Huyu atanihesabia mpaka chembe za chumvi." Walimcheka Baba hadi akasahau maneno aliyokuja nayo. Mungu aliwapa watoto watatu: Hervé, aliyezaliwa Samba tarehe 3 Aprili 1976, kisha mimi, kisha Ruphin.

Sasa nifike kwenye siku ya Alhamisi, tarehe 9 Novemba 1995. Hervé alikuwa na miaka kumi na tisa na alikuwa anakwenda Kindu kuanza masomo ya juu. Treni ya mizigo ilitoka Samba saa nane mchana, mabehewa ishirini na moja. Behewa la mwisho lilibeba mpunga nusu, kwa sababu kwenye treni ndefu mabehewa mazito huwekwa mbele na mepesi nyuma. Paa lake halikuvuja. Baba alimlaza Hervé pale juu ya magunia, akafunga mlango nusu ili apate hewa, akaenda kupanda mbele kwa dereva. Jioni walifika Kibombo. Mama aliletewa habari kwamba mtoto alifika na treni Kibombo na hakuonekana tena. Aliuliza swali moja tu: kitabu kinasema nini? Kitabu kilisema ishirini na moja yametoka, ishirini na moja yamefika. Basi Mama akasema mwanawe alifika, na mtu aliyefika ana miguu, na mwenye miguu anaweza kurudi.

Juu ya neno hilo aliishi miaka thelathini. Vita vilikuja mwaka uliofuata, reli ikalala, tukahamia Kasongo na mafurushi yetu vichwani. Kila alipotoka mtu upande wa Kindu, Mama alimwita ndani na kumpa maji kabla ya kumuuliza. Watu walipomwambia afanye matanga, aliwajibu, "Ya nani? Mimi niko na mutoto mwenye alifika."

Hapa Kasongo marehemu alilima mihogo na kutengeneza redio. Mwaka 2003 alianza ile kazi ambayo wengi wenu mliijia nyumbani kuitazama. Alijenga reli ndani ya nyumba. Mbao zilipita kwa kimo cha meza kuzunguka saluni, chumba chetu cha kupokelea wageni, zikapenya ukuta hadi chumba kilichokuwa kimewekwa kwa ajili ya Hervé, zikarudi kupitia chumba cha kulala. Reli zilikuwa nyaya za chuma alizozinyoosha kwa nyundo, mataruma ni vipande vya mianzi. Mabehewa aliyatengeneza kwa mikebe ya sardini na ya maziwa, magurudumu ni vifuniko vya soda alivyovijaza plastiki iliyoyeyushwa. Kichwa cha treni kilikuwa na mota ya kinanda cha kaseti, na mota hiyo ilipata umeme kwa nyaya kutoka kwenye betri ya pikipiki. Watu walisema mzee amerudia utoto. Mimi nilisema hivyo pia, na kwa sauti kubwa zaidi.

Haikuwa mchezo. Ilikuwa njia ya Samba hadi Kibombo, kila kona na kila mlima, kama alivyoikumbuka. Alianza na mabehewa matano, yakaenda vizuri. Akafika kumi na mbili. Lakini aliendelea kuongeza, na kila alipoongeza, shida ilizaliwa upya. Treni ndefu ikiingia kwenye kona, kichwa kinavuta mbele, mkia unavuta nyuma, na behewa jepesi lililo katikati linaanguka upande wa ndani. Kilimani, kulabu zinakazwa. Baada ya kilele zinalegea, na moja hufunguka. Rafiki yake Ayoubu, mchimbaji wa Lusangi, alimletea mchanga mweusi wa madini, mzito ajabu, na Baba akaupima kijiko kwa kijiko ndani ya mikebe hadi kila behewa lilipokaa kwenye njia. Ilimchukua miaka sita. Nilimuuliza kwa nini asiridhike na kumi na mbili.

Akaniambia, "Mwanangu, treni mufupi haina mambo. Murefu njo iko na mambo yake."

Alipofikisha ishirini na moja alijaribu ishirini na mbili, na kichwa kikashindwa kupanda mlima. Magurudumu yalizunguka pale pale. Ishirini na moja ndio ulikuwa mwisho wa nguvu zake. Tangu mwaka 2009 aliiendesha kila Alhamisi, saa nane mchana, jua likiwa juu na milango wazi. Ndani ya behewa la mwisho aliweka mtu mdogo wa mti, ukubwa wa karanga, aliyeketi, na mlango aliufunga nusu.

Ninalosema sasa nililiona mwenyewe, nami ni mwalimu wa shule, sina desturi ya kuwatisha watu. Alhamisi moja ya mwaka ule wa 2009, treni iliingia katika tundu la ukuta, kutoka saluni kwenda chumba cha Hervé, na mabehewa ishirini na moja. Upande wa pili yakatoka ishirini. Ukuta ule una unene wa mkono kutoka kiganja hadi kiwiko. Baba aliingiza mkono upande wake, mimi upande wangu, vidole vyetu vikakutana katikati. Hapakuwa na kitu kati yetu, si behewa, si mchanga. Vidole vyake vilikuwa vya baridi, na nje jua lilikuwa linachoma mabati.

Baba mdogo Hippolyte alisema ni panya. Alileta mtego. Panya hakunaswa, ila kidole chake mwenyewe. Akaleta nyundo akafungua ukuta, akakuta matofali ya udongo yameshikana, hakuna njia hata ya mende. Tukaufunga. Marehemu alitengeneza behewa jingine na mtu mwingine wa mti. Ilipita miezi kumi, likapotea nalo, mahali pale pale. Kupotea huko hakukuwa na tarehe maalumu. Kwa miaka kumi na sita yalipotea mabehewa kumi na moja, daima lile la mwisho. Niliacha kuwaleta wanangu Alhamisi. Mwanangu Sarah-Grâce aliwahi kuniambia kwamba babu anafanya kazi ya kusindikiza, nikamnyamazisha, ila sikupata usingizi mzuri wiki ile.

Mama hakuingia saluni siku hiyo ya juma hata mara moja. Alikaa nje jikoni akichagua mchele. Treni iliponyamaza, alikuwa akiuliza kupitia dirishani, "Zote zilifika?"

Na Baba alikuwa akijibu, "Zote, muke wangu."

Nilimsikia akijibu hivyo siku ambazo yalifika ishirini. Nilidhani anamhurumia tu asiogope. Nilikasirika kwa ajili ya uongo mdogo, sikujua kuna mkubwa.

Mwaka jana miguu ya marehemu ilianza kuvimba. Tulimpeleka hospitali kwa pikipiki, Ruphin akimshika kwa nyuma. Daktari alisema moyo umechoka. Alipewa dawa, akapata nafuu, kisha Septemba hii akazidiwa akaomba kurudi nyumbani. Kitanda tukakiweka saluni, pembeni ya reli. Tarehe 2 Oktoba aliniita nikae karibu, akanieleza alichokificha tangu Kibombo. Nilikuwa nimeshika bakuli la uji. Nakumbuka uji ule ulipoa mkononi mwangu.

Siku ile Kibombo mvua ilikuwa kubwa. Alitazama urefu wa treni, akaona maji matupu, akasema moyoni kwamba mabehewa yake anayajua. Akakaa kwa dereva, akaandika ishirini na moja, akatia sahihi bila kugusa hata moja. Mvua ilipokatika alikwenda kumwamsha Hervé. Alihesabu kwa kiganja, akafika mkiani, na mkono wake ukashika hewa. Yalikuwa ishirini. Alirudi kwa miguu juu ya reli siku nne, akachungulia kila daraja, kila bonde, kila kichaka. Hakuona behewa. Hakuona gurudumu, hakuona punje ya mpunga wala majani yaliyolala. Behewa zima la chuma, na ndani yake mtoto wake, halikuwa popote. Kitabu kilikuwa kimekwisha kusainiwa, na aliporudi kwa Mama alikuta amekwisha kuishika ile namba kama kamba ya kisima. Akaogopa kuikata. Akamwachia.

Nilimwambia nilivyojisikia. Nilimwambia, "Baba, unamufanya mama yangu atoke mulangoni kila siku miaka makumi tatu!" Akakubali. Akaniomba nimwambie Mama baada ya yeye kufa. Nikakataa. "Hiyo njo kazi yako, si yangu." Nilikuwa mkali, na sijutii, ingawa leo ninalia.

Alhamisi iliyofuata, tarehe 9 Oktoba, alimwomba Mama aingie saluni. Mama alisimama mlangoni na ungo mkononi, akaingia, akaketi. Tulikuwa sisi watatu, na baba mdogo Hippolyte ambaye alikuwa amekuja kumjulia hali.

Baba alisema, "Victoire, niliandika makumi mbili na moja. Sikuhesabu. Mvua ilikuwa inanyesha, sikufika kwa nyuma. Kisha nikahesabu, ilikuwa makumi mbili. Mutoto hakufika Kibombo."

Mama aliweka ungo chini taratibu, mchele usimwagike. Kisha Baba akaninyooshea kidole kwenye swichi. Ilikuwa saa nane.

Niliwasha. Treni ilizunguka saluni, ikaingia ukutani, nami nikahamia chumba cha pili kuhesabu inavyotoka, kwa sauti, ili Baba asikie. Kumi. Kumi na tano. Ishirini. Ishirini na moja likatoka, na nyuma yake likatoka la ishirini na mbili. Niliendelea kuhesabu kwa sababu mdomo ulikuwa umekwisha kuanza. Yalitoka yale yote yaliyopotea: mkebe wa sardini wenye kutu wa mwaka 2009, mkebe wa maziwa niliomnunulia mimi, lile ambalo Ruphin alilipaka rangi ya bluu. Yalikuwa yamelowa. Maji yalidondoka kwenye mbao, na mvua haikuwa imenyesha Kasongo kwa wiki mbili. Kichwa kile kilichoshindwa na ishirini na mbili kilipanda mlima na thelathini na mawili, sauti yake ile ile, bila kusita, kikaja kusimama mbele ya kitanda. Mimi sikuwa nimezima swichi.

Mama aliinuka. Alianza kichwani mwa treni, akatembea hadi mkiani, akigusa kila behewa kwa kiganja, mpaka la mwisho kabisa. Katika yale kumi na moja yaliyorudi, milango ilikuwa wazi hadi mwisho, na wale watu wa mti hawakuwemo hata mmoja. Alirudi akaketi kitandani, akamfuta Baba uso.

"Nimehesabu," alisema. "Makumi tatu na mbili. Ndani hamuna mutu. Mutoto ameshuka."

"Umefika mpaka nyuma?" Baba akauliza.

"Mpaka nyuma."

Marehemu alivuta pumzi mbili, ya tatu hatukuisikia. Ilikuwa saa nane na dakika arobaini. Baba mdogo Hippolyte alihesabu treni ile peke yake, mara mbili, akaomba maji, na tangu hapo sauti yake haijarudi. Treni ingali pale saluni. Anayetaka kuhakikisha, mlango uko wazi. Aguse, asitazame tu.

Jana asubuhi tuliketi kuandika orodha. Baba mdogo, yeye ambaye kwa miaka thelathini alidai matanga, alituandikia kwenye karatasi kwamba tungoje kwanza, labda mtoto yuko mahali. Mama alimjibu, "Nilingoja kwa sababu ya namba. Sasa namba imekuwa ya kweli. Mutu akishashuka, hatumungoje tena kwa treni." Akaenda kunyoa nywele zake kama mfiwa, nywele ambazo hakuzinyoa kwa Hervé wakati wote ule.

Mtaona kwamba kaburi ni pana. Wazee wetu, wasipopata mwili, walizika mgomba uliofungwa shuka, na Mama ametaka hivyo. Padiri amesema yeye hajaona kitu, tunamshukuru. Ruphin alikwenda kukata mgomba, akauliza aukate urefu gani, maana leo Hervé angekuwa mtu wa miaka arobaini na tisa, mwenye kifua na tumbo. Mama alisema hapana. Aliweka kiganja hewani, juu kidogo ya bega lake mwenyewe, mahali ambapo kichwa cha mwanawe kilifika akiwa na miaka kumi na miwili, akafikiri, akakipandisha hadi akasimama kwa ncha za vidole vya miguu, akasema, "Hapa. Njo alikuwa hapa." Ruphin alikata hapo.

Christophe Musafiri amemwacha mkewe Victoire, watoto wake wawili, Dieudonnée na Ruphin, wajukuu wanne, mdogo wake Hippolyte, na rafiki yake Ayoubu wa Lusangi, ambaye amelia kuliko sisi.

Waliomtangulia ni wazazi wake, kaka zake wawili wa Nyangwe, na mwanawe wa kwanza, Hervé, aliyezaliwa Samba tarehe 3 Aprili 1976, aliyefariki njiani kati ya Samba na Kibombo tarehe 9 Novemba 1995, akiwa na miaka kumi na tisa. Ni Mama aliyeniambia niandike neno "aliyefariki". Aliniomba nimsomee, nikamsomea, akasema sawa.

Mungu awapokee baba na mwana, na kuanzia leo walale kwa amani wote wawili.